Kuvuka kwenda Kisiwani

Kabla ya mengine, jua jina la unakokwenda. Ukisimama kwenye gati la Kilwa Masoko ukamwambia mtu "nataka kwenda Kilwa", atakutazama kidogo kisha akwambie umeshafika. Kilwa ni tatu: Masoko, penye ofisi za wilaya, Kivinje, mji wa zamani wa misafara, na Kisiwani, ambako ndiko unakotaka kwenda. Wenyeji hawahangaiki na jina la kwanza. "Katoka Kivinje." "Kavuka Kisiwani." Sema hivyo hivyo, na huenda hata nauli ya chombo ikapungua kidogo, maana umeongea kama mtu anayejua mambo.

Kisiwani ni kijiji cha wavuvi na wakulima, na kwa maisha ya kila siku ni kiunga cha Masoko. Saruji, bati, sukari na mchele huvushwa kutoka bara. Samaki na pweza huvushwa kwenda bara. Kaa gatini nusu saa tu utaona: mama na ndoo yake yenye mfuniko wa kanga, fundi na baiskeli iliyolazwa ndani ya mashua, kijana kashika viatu mkononi ili asiloweshe ngozi. Mji uko bara, kijiji kisiwani, na katikati mkondo wa maji wa kama kilomita mbili. Kwa karne kadhaa mambo yalikuwa kinyume. Mji ulikuwa kisiwani, na huko bara palipo leo na stendi na benki hapakuwa na la kutaja. Dhahabu ya Sofala ilipita hapa kwenda Uarabuni na Bara Hindi, masultani wakapiga sarafu zao wenyewe za shaba, na sarafu moja ya Kilwa imeokotwa kwenye magofu ya Great Zimbabwe. Nyingine ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na jinsi zilivyofika huko watu wanabishana hadi leo.

Wageni wengi huja na ratiba ya saa mbili. Wanashuka, wanazungushwa kwenye magofu, wanapiga picha, wanarudi Masoko kula. Nakushauri utoe siku nzima, na uanze na kijiji kabla ya magofu.

Njia ni rahisi kuliko zamani. Kutoka Dar es Salaam hadi Masoko ni kama kilomita 300 za lami. Waliosafiri kabla ya mwaka 2003 hawajasahau kulala wakingoja pantoni kwenye Mto Rufiji. Daraja la Mkapa likamaliza kilio hicho. Basi la Lindi au Mtwara litakushusha Nangurukuru, njia panda yenye kelele, machungwa na korosho za kukaanga, na kutoka hapo utapata gari la kwenda Masoko. Ukipata basi la moja kwa moja hadi Masoko, bora zaidi. Ila kama unasafiri masika, kati ya Machi na Mei, uliza hali ya barabara kwanza. Mei 2024 mafuriko na Kimbunga Hidaya vilikata barabara maeneo ya Somanga, na watu wa Kusini wakabaki kila upande wakitazamana na maji. Miezi mizuri ya safari hii ni Juni hadi Oktoba.

Ukiwa na nafasi, pita Kivinje hata kwa saa tatu. Karne ya 19, Kisiwani ilipokuwa imekwisha kunyong'onyea, Kivinje ndiyo iliyokuwa bandari: misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa iliishia pale. Wajerumani wakajenga boma lao pale, na mwaka 1895 wakamnyonga pale Hassan bin Omari Makunganya aliyekataa kutawaliwa. Miaka kumi baadaye ikaja zamu ya wapiganaji wa Maji Maji, na jina la Mwembekinyonga, huko huko Kivinje, linajieleza lenyewe. Waingereza ndio waliohamishia makao ya wilaya Masoko. Kwa hiyo ukienda Kivinje, Masoko na Kisiwani kwa safari moja utakuwa umeona makao matatu ya mamlaka yaliyorithiana ndani ya mwendo mfupi wa gari na mashua. Hospitali ya wilaya, Kinyonga, imebaki Kivinje. Liweke hilo akilini kama unasafiri na mgonjwa au mjamzito.

Sasa kibali. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 1981, na yanasimamiwa na TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Usishangae kuona misikiti na tembo chini ya ofisi moja. Kibali unakichukua Masoko kabla ya kuvuka. Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje, basi nenda na kitambulisho, na udai stakabadhi. Hapo hapo omba mtembeza wageni, na omba aliyezaliwa Kisiwani. Wa mjini atakusimulia karne ya 14 vizuri sana, lakini wa kijijini atakusimulia karne ya 14 na pia nani kachimba kisima kile na kwa nini njia ile haipitiwi jioni.

Kichukue kibali jana yake. Neno hili ndilo kubwa kuliko yote katika mwongozo huu, na sababu yake ni maji.

Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na mwezi unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, bahari ya huku hujaa sana na kupwa sana. Tofauti hupita mita tatu. Siku hizo maji hujaa alfajiri na tena kwenye saa kumi jioni, na hukauka hasa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Kila siku muda husogea mbele kwa kama dakika hamsini. Wiki moja baadaye, siku za maji mafu, utakuta kinyume chake: saa nne asubuhi maji yamejaa, ila yamejaa kwa unyonge. Sasa piga hesabu mwenyewe. Ofisi inafunguliwa, mgeni anamaliza chai na chapati zake, anapewa kibali, anafika gatini saa nne. Ikiwa ni bamvua, hiyo ndiyo saa ambayo bahari imemwondokea.

Mimi nilijifunza hilo kwa miguu yangu. Nahodha, mzee wa maneno machache, aliniambia tukiwa bado Masoko, "Mwanangu, maji yanatoka. Tukingoja chai yako utashuka mbali." Nikangoja chai. Mashua ikagusa mchanga wakati Gereza, ngome ya ufukweni Kisiwani, bado naliona dogo mbele yangu. Nikavua viatu, nikakunja suruali, begi kichwani, nikaingia kwenye tope lililofika magotini, huku watoto wawili ufukweni wakihesabu kwa sauti kila nilipoteleza. Walifika nne. Kina mama waliokuwa wakienda mwambani kutafuta pweza, kanga zimefungwa juu ya magoti na vijiti mkononi, wakanipita upande wa nje wakitembea kama walio sebuleni kwao. Mmoja akanionyesha kwa kidevu pa kukanyaga: penye majani ya bahari pana mchanga mgumu, penye weusi unaong'aa pana tope. Tangu siku ile situlii kwenye chombo chochote Kilwa bila kujua mwezi una siku ngapi.

Basi siku ya bamvua vuka saa moja asubuhi, maji yakiwa bado yanashuka, na rudi kuanzia saa tisa, yakiwa yanapanda. Siku za maji mafu huna haja ya haraka. Ukitaka kuwaona wachokoa pweza na wakusanya chaza kazini, chagua bamvua kwa makusudi, kwa sababu mwamba huonekana siku hizo tu.

Kuna chombo cha mashine na kuna chombo cha tanga. Cha mashine hukufikisha kwa dakika kumi au robo saa. Cha tanga kinategemea msimu. Kisiwa kiko kusini mwa Masoko. Wakati wa kusi, katikati ya mwaka, upepo unakukabili unapokwenda, kwa hiyo nahodha atapiga bisho, atakwenda upande huu na kugeuza upande ule, na utaona Gereza likija kulia, likija kushoto, mpaka lifike. Kurudi tanga linajaa na chombo kinakimbia. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, safari inageuka. Nakushauri tanga angalau njia moja, maana Kilwa ilitajirika kwa pepo hizi hizi: vyombo vya Arabuni na Hindi vilikuja na kaskazi na kuondoka na kusi, na Kilwa iko karibu na mwisho wa umbali ambao chombo kingeweza kwenda na kurudi ndani ya mwaka mmoja. Anayeketi kwenye ubao wa mashua akisikia foromali ikilia ameshaelewa robo ya historia ya mahali hapa. Uliza jaketi la kuokolea maisha kabla ya kupanda. Usione haya.

Mkondo huu una hadithi yake katika masimulizi ya kale ya Kilwa. Inasemwa kwamba Ali bin Hassan, Mshirazi, alikinunua kisiwa kutoka kwa mfalme wa bara kwa nguo, nguo za kutosha kukizunguka. Wakati huo maji yakipwa mtu aliweza kuvuka kwa miguu. Mfalme alipojuta akangoja maji yatoke ili arudi na jeshi. Wengine husimulia kwamba Mshirazi aliuchimba mkondo, wengine kwamba alisoma Kurani mpaka maji yakakataa kutoka. Wanahistoria wana maswali mengi juu ya Washirazi hawa. Mimi, baada ya lile tope, sina ugomvi na sehemu ya maji.

Ukishuka utakuwa chini ya Gereza. Wareno walijenga ngome hapa walipoivamia Kilwa mwaka 1505 wakiongozwa na Francisco de Almeida, wakaiacha mwaka 1512. Jengo unaloliona leo kwa sehemu kubwa ni la Waomani, la karibu mwaka 1800. Usilikimbilie. Litangoja. Nenda kwanza kijijini kusalimia. Mtembeza wageni atakupeleka kwa uongozi wa kijiji, utasaini kitabu cha wageni, na utaulizwa habari za utokako kwa utaratibu: habari za safari, za nyumbani, za huko. Zijibu zote. Wazee wapewe shikamoo yao hata kama wamekaa mbali barazani na wewe una haraka. Ukifika mlangoni piga hodi, na ukikaribishwa mkeka, kaa. Maneno mengi ya safari hii utayapata ukiwa umeketi.

Tazama nyumba. Kuta za miti na udongo uliokandikwa, mawe ya matumbawe yakijazia, paa la makuti au, kwa aliyejaliwa, bati. Wageni huzipita nyumba hizi kwenda kutazama "mji wa mawe", na hapo wanakosea. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na akaisifu kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa, na katika habari yake alisema majengo yake ni ya miti. Kwa maneno mengine, hata siku za dhahabu watu wengi wa Kilwa waliishi katika nyumba za aina hii unayoiona. Misikiti na majumba ya mawe ndiyo yaliyobaki kwa sababu mawe hayaozi.

Kisha Msikiti Mkuu. Sehemu ya kaskazini ndiyo ya zamani, ya karne ya 11 na 12. Upanuzi wa kusini wenye kuba na matao ulifanywa karne ya 14, ukaja kutengenezwa tena baadaye. Ingia katikati ya nguzo usimame bila kusema kitu. Halafu sogea karibu na ukuta, karibu kabisa, utazame jiwe lenyewe: utaona vitundu vidogo vidogo vya mpangilio, kama sega la asali lililokauka. Hilo ni tumbawe. Mafundi walilitoa baharini likiwa bado laini, wakalichonga mapema, likakauka na kuwa gumu. Chokaa nayo ni tumbawe lililochomwa. Msikiti huu kwa hiyo ulitoka mwambani pale pale wanapochokoa pweza. Huu si msikiti unaosaliwa sala tano sasa, lakini ni msikiti. Vaa kwa heshima, na usipande juu ya kuta kwa ajili ya picha.

Jumba la Makutani na misikiti midogo utaipita njiani. Mmoja wenye kuba, wa karne ya 15, ni mzuri na mtulivu, upe dakika zake. Husuni Kubwa ndiyo inayohitaji nguvu. Ni mwendo wa karibu nusu saa au zaidi kwa miguu kuelekea mashariki, kwenye mibuyu na mashamba ya mihogo, mpaka kwenye genge linalotazama bahari. Nenda kabla ya jua la saa sita na ubebe maji yako, kwa sababu maji ya kisiwani ni ya visima, na si haki mgeni kuyamaliza. Jumba hili alilijenga Sultani Hasan bin Sulaiman, yule yule aliyempokea Ibn Battuta na kusifiwa kwa ukarimu. Kuna kisa cha fakiri kutoka Yemen aliyemwomba nguo alizovaa mwilini, na sultani akampa. Vyumba vyake ni kama mia, kuna ua mkubwa wa bidhaa, na kuna bwawa la pembe nane ambalo sasa ni kavu. Jumba halikukamilika. Ukikaa ukingoni mwa bwawa utausikia upepo wa bahari ukipanda genge, na utaelewa kwa nini alichagua mahali hapa. Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu bora ya kisiwa chote, na wenye ratiba ya saa mbili huondoka bila kuiona.

Njiani utakanyaga vigae: vya vyungu vya huku, vya rangi ya buluu na kijani kutoka Uajemi, vyeupe vya Uchina. Viache. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchukua, na hata bila sheria, kigae kilichotoka mahali pake hakina tena la kumwambia mtafiti. Watoto wanaweza kukuletea sarafu nyeusi zilizoliwa na chumvi. Zitazame, sifu, rudisha. Zina maandishi ya Kiarabu pande zote mbili, na upande mmoja una vina na upande wa pili, kama shairi fupi lililokatwa kati. Ukinunua moja, kesho zitachimbwa kumi. Magofu haya yaliwahi kuwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, mwaka 2004, kwa ajili ya mmomonyoko wa bahari na kuta kuporomoka. Yaliondolewa mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati ambayo wanakijiji wenyewe walishiriki. Mikoko unayoiona mbele ya kuta si pori tu, inazuia mawimbi.

Mavazi: mabega na magoti yafunikwe, kwa wanaume na wanawake. Kanga mbili begini zinatosha kwa kila kitu, pamoja na kukaushia miguu. Ramadhani usile wala kunywa hadharani. Ijumaa mchana usipange kumtoa nahodha msikitini. Picha ya mtu huombwa, na jibu la hapana ni jibu kamili. Usiwagawie watoto peremende au hela; kama una daftari na kalamu, mkabidhi mwalimu mkuu shuleni. Beba noti ndogo ndogo, tochi, kofia, na viatu unavyoweza kuvilowesha.

Kuhusu chakula, agiza asubuhi unapofika, si mchana ukiwa na njaa. Kina mama watapika kilicholetwa na bahari: samaki wa kuchoma au mchuzi wa pweza wa nazi, wali au mihogo. Lipa bei mliyokubaliana na umlipe mpishi mwenyewe mkononi. Hela ya kibali inakwenda ofisini. Hii ndiyo inayobaki kijijini. Ukitaka kulala Kisiwani, ulizia na kukubaliana na uongozi wa kijiji mapema, kabla jua halijateremka. La sivyo nyumba za wageni ziko Masoko.

Songo Mnara, kusini zaidi, ni safari nyingine, ya siku nyingine. Usijaribu kuzibana zote mbili ndani ya mchana mmoja kwa sababu tu mwenye boti amekwambia inawezekana. Inawezekana, ila utakuwa umeziona zote mbili kwa mgongo.

Siku hizi ukisimama Kisiwani ukitazama Masoko utaona mradi mkubwa ufukweni. Ni bandari ya uvuvi, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa Septemba 2023. Wazee wanaitazama kwa makini. Ukipata nafasi waulize wanaionaje, kisha nyamaza uwasikilize. Watakaosema italeta kazi utawasikia, na watakaouliza vyombo vya tanga vitaegesha wapi utawasikia pia.

Jioni nahodha wako hatakupigia simu mara mbili. Chombo cha kurudi hakina saa ya ukutani, kinaondoka maji yakiruhusu. Uwe umeshuka Gereza mapema, miguu imenawa, na nauli yako mkononi.